Kusoma kwa Kubishana: Biblia Afrika Mashariki tangu 1844

Tarehe 8 Juni 1844, mjini Mombasa, Johann Ludwig Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Alikuwa Mjerumani, Mlutheri aliyetumwa na shirika la Kianglikana la Uingereza, CMS, na hapo pwani alikuwa na miezi michache tu. Kiswahili chake kilikuwa bado cha kubahatisha. Aliyemsaidia ni Sheikh Ali bin Modehin, kadhi wa Mombasa.

Watu hao wawili wanastahili kutazamwa vizuri. Mmoja anakijua kisa lakini lugha haijamkaa mdomoni. Mwenzake lugha ni yake, na kisa nacho si kigeni kwake: Adamu, Nuhu, Ibrahimu na Yusufu ni watu wa Kurani pia, na washairi wa pwani walikuwa na tendi zao za Ayubu na za Yusufu, zilizoghaniwa mbele ya watu. Kurasa za kwanza za Biblia ya Kiswahili zilitoka basi katika mazungumzo ya watu wawili ambao hawakuamini mamoja. Wiki chache baadaye, mwezi Julai, mkewe Krapf, Rosine, alifariki na mtoto wao mchanga akamfuata. Kazi haikusimama. Mwaka 1847 sura tatu za kwanza zilipigwa chapa Marekani, katika jarida la wataalamu wa mambo ya Mashariki, mbali kabisa na mtu yeyote ambaye angezisoma kwa haja ya roho yake.

Historia hii husimuliwa kwa kawaida kama habari ya Wazungu walioleta kitabu na Waafrika waliokipokea. Mimi naona swali lenye faida zaidi ni jingine: kitabu kilikuwa mkononi mwa nani, na nani mwingine aliyekuwapo aliruhusiwa kuuliza, kupinga, au kukishika asome mwenyewe? Ukilifuata swali hilo kutoka Mombasa ya Krapf hadi msitu wa Shakahola, mambo mengi ya siku zetu yanaanza kueleweka.

Ukristo wenyewe ulikuwa umefika pwani karne tatu na nusu kabla ya Krapf. Vasco da Gama alisimamisha nguzo yenye msalaba Malindi, Fransisko Xavier alipita hapo mwaka 1542 akielekea India, na Waagustino walikuwa na nyumba yao Mombasa chini ya ulinzi wa Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Walibatiza watu. Mmoja wao alikuwa Yusuf bin Hassan, mtoto wa sultani aliyelelewa Goa na kuitwa Dom Jerónimo. Agosti 1631 mtu huyo huyo aliwageuka Wareno, akaiteka ngome, na Wakristo wa Mombasa wakauawa. Wareno wenyewe walirudi kwa muda. Dini yao haikuota mizizi. Ilikuwa imekuja kwa Kilatini na kwa mizinga, na hakuna mtu wa pwani aliyeachiwa ukurasa hata mmoja wa kuusoma nyumbani kwake.

Baada ya Krapf, kazi ilihamia Unguja. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, waliwasili, na Sultani Majid akawapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza. Shule ya Kiungani ilikua kutokana na watoto wa namna hiyo, waliong'olewa kwao bara, wenye lugha za nyumbani tofauti, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Wengine walifundishwa kupanga herufi za risasi na kuendesha mtambo, na mtambo huo ukaja kusimamiwa na Owen Makanyassa. Kwa hiyo tafsiri za Steere zilipitia mikononi mwa vijana waliowahi kuuzwa, herufi moja baada ya nyingine. Mtu anayepanga herufi hulazimika kusoma kwa namna ambayo hata padri mimbarini halazimiki. Steere alifariki mwaka 1882. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891, mwaka mmoja baada ya Cecil Majaliwa, mwana wa Kiungani, kupewa upadri.

Lakini pahali ambapo kusoma kuligeuka kuwa moto si pwani. Ni Buganda.

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika kwa Kabaka Mutesa. Katika msafara wake alikuwamo kijana wa Kiungani, Dallington Maftaa, aliyejua kusoma Kiswahili na Kiingereza. Stanley na Dallington wakafupisha habari za Biblia kwa Kiswahili kwa ajili ya Kabaka, maana ikulu ya Mutesa ilikwishazoea Kiswahili na maandishi ya Kiarabu kutoka kwa wafanyabiashara Waislamu wa Unguja. Stanley alipoondoka, Dallington alibaki. Akawa msomaji na mwandishi wa Kabaka, na barua za kuomba walimu kutoka kwa Askofu Steere zikaandikwa kwa mkono wake. Miaka miwili kabla ya mmisionari yeyote Mzungu kukanyaga Buganda, Biblia ilikuwa ikisomwa ikulu na kijana Mwafrika, kwa Kiswahili, mbele ya watu waliojua pia Kurani. Vitabu vingi vya shule humpa Stanley sifa yote. Dallington hupata mstari mmoja, akibahatika.

Waanglikana walifika mwaka 1877, mapadri Wakatoliki wa White Fathers mwaka 1879. Mutesa, mjanja kupindukia, akawaacha wabishane mbele yake. Alexander Mackay na Padri Lourdel walipingana hadharani kuhusu Bikira Maria na kuhusu Papa, huku Waislamu wa ikulu wakisikiliza na kutia maneno yao. Kabaka akalalamika kwamba kila Mzungu ana dini yake. Wamisionari wa pande zote mbili waliona aibu kubwa. Nadhani hawakuiona faida yake: vijana wahudumu wa ikulu walijifunza tangu siku ya kwanza kwamba maandiko ni kitu cha kubishaniwa, na kwamba anayetaka kujua nani mkweli inambidi asome mwenyewe.

Nao walisoma. Wafuasi wa dini zote mpya waliitwa wasomaji, abasomi. Karatasi za kujifunzia zilizochapwa na Mackay zilinunuliwa kwa kauri, na waliojua waliwafundisha wasiojua usiku, majumbani. Mwanga alipomrithi baba yake mwaka 1884 na kuanza kuwaua Wakristo, wengi wa wahanga walikuwa vijana wa kizazi hicho. Kilele kilikuwa Namugongo, tarehe 3 Juni 1886. Wakatoliki 22 walitangazwa watakatifu mwaka 1964. Waanglikana nao wana wafiadini wao 23. Waliosalimika walijificha, na kusoma kukaendelea bila Mzungu kuwapo.

Miaka saba baadaye George Pilkington, kwa msaada wa Henry Wright Duta, alikuwa akikamilisha Biblia ya Kiganda, iliyotoka nzima mwaka 1896. Toleo moja lilikuwa nene na fupi la ajabu, limekatwa kwa kipimo cha kuingia ndani ya kopo la biskuti, ili mchwa na mende wasilifikie. Waganda wakaliweka humo humo kwenye kopo. Vibanda vya kusomea, vilivyoitwa sinagogi, vikaenea vijijini, na kujua kusoma kukawa sharti la ubatizo kwa kila asiye mzee sana au kipofu. Kutoka hapo walimu wa Kiganda walitawanyika hadi Toro, Bunyoro na Ankole. Apolo Kivebulaya alivuka hadi Boga, iliyoko Kongo ya leo, mwaka huo wa 1896, akafanya kazi katika nchi hizo mpaka alipofariki mwaka 1933.

Wamisionari walitaka watu wasome. Hawakutaka wasome kila kitu, wala wapate majibu tofauti na yao. Kenya ya kati ilionyesha hilo waziwazi. Agano Jipya la Kikikuyu lilitoka mwaka 1926. Mwaka 1929 misheni kadhaa ziliamuru waumini waukane kwa saini ukeketaji wa wasichana. Maelfu waliondoka, wakajenga shule na makanisa yao wenyewe, na waliondoka na Biblia mikononi. Waliuliza: kwa nini msisitize hili ambalo hatulioni limeandikwa? Na kama Ibrahimu na Yakobo walikuwa na wake wengi, mbona mnatunyima ushirika kwa jambo hilo? Unaweza kuupinga msimamo wao juu ya ukeketaji, nami naupinga kabisa, na bado ukakiri kwamba namna yao ya kubisha ilikuwa ile ile ambayo Waprotestanti wenyewe waliitumia dhidi ya Roma karne nne kabla. David Barrett, aliyefanya kazi Kenya, alichapisha mwaka 1968 utafiti uliohesabu makundi ya Kikristo yaliyojitenga yapatayo 6,000 barani Afrika, na mojawapo ya mambo aliyoyakuta yakiandamana na kujitenga ni kuwapo kwa Maandiko katika lugha ya watu.

Huku nyuma Kiswahili chenyewe kilikuwa na Biblia zaidi ya moja. Mombasa walikuwa na ya Kimvita, iliyokamilika mwaka 1914. Tanganyika, Karl Roehl alitoa yake mwaka 1937, akijaribu kupunguza maneno ya Kiarabu, jaribio ambalo mtu yeyote aliyekulia pwani analiona la kuchekesha kidogo. Kisha ikaja ya pamoja, Union Version: Agano Jipya mwaka 1950, Biblia nzima mwaka 1952, katika Kiswahili Sanifu. Tafsiri hiyo imekataa kuzeeka. Tafsiri ya Habari Njema ilipokamilika katika miaka ya 1990 kwa lugha nyepesi zaidi, waumini wengi waliisifu wakabaki na ile ya zamani. Ndiyo waliyokuwa wameihifadhi kichwani, na ibadani mmoja akisoma wenzake humaliza sentensi.

Mwaka 1929 huo huo wa mgogoro wa Kenya, jambo jingine lilitokea Kampala. Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda, alikuwa amechoka na kukata tamaa. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeon Nsibambi, Mganda mwenye cheo na ardhi, naye akiwa na kiu ile ile. Wakaketi pamoja na Biblia ya Scofield, ile yenye viungo vya pembeni vinavyokutoa aya moja hadi nyingine, wakaifuatilia habari ya Roho Mtakatifu kitabu kwa kitabu. Chini ya ukoloni, mwaka 1929, Mzungu na Mwafrika waliketi kama wanafunzi wawili mbele ya ukurasa mmoja. Hicho kilikuwa kioja kikubwa kuliko mafundisho yoyote yaliyotokana nacho.

Uamsho uliotoka huko ulienea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ukiimba wimbo wa Tukutendereza. Utaratibu wake ulikuwa wa kikundi: mnasoma, mnatubu mbele ya wenzenu, mnaambiana ukweli. Mpishi aliweza kumwambia bwana wake kwamba anatembea gizani, na mchungaji akaonywa na muumini wake mwenyewe. Maaskofu wengi hawakuupenda. Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, ndugu wengi wa Uamsho walikataa kula kiapo, wakakataa pia kubeba bunduki za serikali, na baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo. Uamsho ulikuwa na madhaifu yake, hasa ukali kwa wasioongea lugha yao ya wokovu, lakini hakuna mtu mmoja aliyeumiliki.

Wakatoliki walipita njia nyingine. Kwa muda mrefu muumini wa kawaida alipewa Katekisimu na masimulizi ya historia takatifu. Misa ilikuwa kwa Kilatini na Biblia nzima haikuwa kitu cha kila nyumba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uligeuza mambo, hasa hati ya Dei Verbum ya Novemba 1965, iliyotaka Maandiko yafunguliwe kwa waamini wote. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika shirikisho lao la AMECEA, wakalipa hilo umbo la kwetu katika miaka ya 1970: Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo.

Aliyewahi kuhudhuria jumuiya anajua inavyokwenda. Nyumba ya zamu, viti vya plastiki vimekopwa kwa jirani, mshumaa juu ya meza, Injili ya Jumapili inayofuata. Jumuiya nyingi hutumia hatua saba zilizotungwa katika taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Somo husomwa. Kisha kila mtu hutaja neno au kifungu kilichomgusa, bila maelezo, na wengine hukirudia kimya. Somo husomwa tena. Ndipo watu husema limewaambia nini, na mwisho huulizana: wiki hii tufanye kazi gani, nani ni mgonjwa, nani kafiwa? Mama muuza samaki huanza kusema kabla ya mwalimu wa sekondari, na hakuna anayeruhusiwa kuhubiri. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na kila jumuiya ina mzee mmoja ambaye hajalielewa hadi leo.

Kulikuwa pia na wasomaji ambao makanisa hayakuwaalika. Kuanzia miaka ya 1980 wahubiri wa Kiislamu walisimama viwanjani Dar es Salaam na kwingineko, Union Version mkononi, wakijenga hoja zao kwa sura na aya. Kitabu cha Ngariba na Kawemba, Uislamu katika Biblia, kilitoka mwaka 1987 na kikasomwa sana. Mihadhara hiyo ilivuta umati, ikachangamsha, ikakera, na palipokosekana busara iliumiza. Februari 1998 huko Mwembechai ugomvi uliotokana na mahubiri uliishia kwa polisi na vifo. Hata hivyo, naona ilifanya kitu ambacho shule nyingi za Jumapili hazikufanya. Mkristo aliyerudi nyumbani ameshindwa kujibu alifungua Biblia yake usiku huo huo.

Wasomi nao walikuwa na la kusema. John Mbiti wa Kitui, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu mambo ya mwisho katika Agano Jipya, alionyesha kwamba Wakamba wa misheni walikuwa wamefundishwa mbingu, moto na kurudi kwa Yesu kama picha za moja kwa moja, bila kuulizwa wao wenyewe wanauelewaje wakati. Hakuishia kulalamika. Mwaka 2014 Agano Jipya la Kikamba alilolitafsiri peke yake kutoka Kigiriki lilichapishwa, yeye akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Julius Nyerere naye, baada ya kung'atuka, alizifanya Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zilizochapishwa Ndanda-Peramiho mwaka 1996. Mkatoliki wa Butiama alizimimina katika bahari ile ile ya utenzi waliyoitumia washairi Waislamu kumsimulia Ayubu. Inasikitisha kwamba vitabu hivyo husifiwa zaidi ya kusomwa.

Leo kitabu kiko kila mahali. Simu ya bei nafuu inabeba tafsiri kadhaa za Kiswahili, pamoja na Kiingereza na Kigiriki cha asili kwa anayekitaka. Kikwazo cha bei na cha umbali kimekaribia kwisha. Lakini kinachosambaa kwenye makundi ya WhatsApp ni mstari wa siku: aya moja juu ya picha ya machweo, imenyofolewa katika sura yake, ikiahidi ushindi dhidi ya adui ambaye hatajwi. Paulo aliwaandikia Wakorintho barua. Sisi tunagawiana vipande vyake. Na Jumapili, katika makanisa mengi ya uamsho mpya, waumini hufungua simu kuandika anachosema nabii, si kukikagua.

Hapo ndipo ninapomwona mtu wa Kanungu. Tarehe 17 Machi 2000, katika eneo hilo la kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliteketea ndani ya kanisa lililofungwa. Kundi lao lilijiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Katika maisha ya kila siku walikatazwa kuzungumza. Waliwasiliana kwa ishara. Mahali ambapo haruhusiwi mtu kufungua mdomo, hakuna awezaye kuuliza aya inasema nini hasa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu wanaodaiwa kuaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa, akakana mashtaka. Kabla ya hapo alikuwa amejulikana kwa kuwahimiza wazazi kuwatoa watoto shuleni. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na huyu alidaiwa kuhakikisha kwanza kwamba watoto wa waliomzunguka hawatajua kupiga.

Serikali zimeanza kutafuta dawa. Rwanda, kwa sheria ya mwaka 2018, inawataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya theolojia, na imefunga maelfu ya majengo ya ibada. Kenya iliunda kikosi kazi baada ya Shakahola. Sizibezi hatua hizo. Mtu anayeshika roho za watu angalau ajue Isaya na Ufunuo havikuandikwa karne moja. Ila sheria zote hizi zinamtazama aliyeshika kipaza sauti. Kibwetere hakuwa mbumbumbu, na katika kundi lake walikuwamo mapadri waliosoma seminari. Kilichokosekana Kanungu hakitolewi na chuo kikuu. Alikosekana kibarua, mama wa nyumbani au kijana mmoja mwenye haki ya kunyoosha mkono katikati ya mahubiri na kusema, "Baba, samahani, hapa kwangu imeandikwa vingine," kisha akabaki kuwa ndugu.